Bibi, Si Mahamri Yako Yaliyomjaza Tumbo Waziri

Mke wangu mpendwa, bibi yangu,

Shikamoo. Marahaba yako najua utaitoa kwa nusu mdomo, nami hiyo nusu nitaipokea kwa mikono miwili.

Wewe Saumu, binamu yangu, unayemsomea bibi barua hii hapo kisiwani Funzi, soma polepole na usiruke mstari. Nakujua. Ukifika mahali ninapojisifu, toa sauti kama mimi mwenyewe nipo. Ukifika ninapojidharau, hapo unaweza kupunguza kidogo, sitakulaumu.

Bibi, barua hii si ya kutiwa kwenye bahasha. Nimeiandika kwa mkono wangu, nikaipiga picha, nikaituma kwa simu ya Saumu na kwenye grupu la mtaa wetu wa Msambweni kwa wakati mmoja. Mama Rukia anaisoma. Shoga zako wote wa barazani wanaisoma. Hata yule jirani asiyesoma kitu isipokuwa habari za harusi, leo anasoma. Nimefanya hivyo kwa sababu maneno niliyokurushia siku ile niliyarusha barazani, chai ikiwa mbele yenu, watu wakisikia. Sasa nikikuomba radhi kwa siri, nitakuwa nimekuvunjia heshima uwanjani nikaja kukusihi uvunguni. Hilo silifanyi. Mimi ni mtu wa mambo ya hadharani, wajua mwenyewe.

Nianze na Waziri, kwa faida ya wale wanaosoma na hawamjui. Waziri si mtu. Ni ginipigi, mnyama mdogo wa kufugwa, mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura, mkia hana, na rangi yake ni kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Wageni waliokuwa wamepanga ile nyumba ya Diani ninayotunza bustani yake walipohama, walimwacha ndani ya kreti la soda na karatasi ya maelezo niliyoisoma nusu. Nilisema nusu ya pili nitaielewa mwenyewe. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini si kwa ujinga; walimu waliona nakaribia kuwapita.

Unakumbuka siku niliyomleta? Ulikuwa unachambua mchele. Ukanyanyua kichwa, ukamtazama, ukanitazama mimi.

"Mume wangu," ukasema, "huyu ni mke mwenzangu au ni kitoweo?"

"Si mke, si kitoweo. Ni mgeni."

"Mgeni anakuja na kazi gani?"

"Hana kazi, bibi. Anakula na kulala."

Ukamwinua kwa kiganja, ukaona tumbo lilivyotangulia na miguu ilivyobaki nyuma. "Ana kitambi, hana kazi, na amekuja kwa gari la watu. Basi huyu ni waziri." Jina likamkaa tangu siku hiyo. Mimi nilikuwa nimemtafutia jina la shujaa, nikaliweka mfukoni.

Wewe ndiye uliyempenda kwanza, ingawa ulikuwa ukijifanya kumlalamikia. Nilipokuwa Diani kutwa nzima, wewe ndiye uliyekuwa ukimsogeza kivulini jua likizunguka. Ulikuwa ukimhadithia habari za watu waliokufa zamani. Nilikusikia siku moja nikiwa nyuma ya ukuta, ukimweleza jinsi babu alivyokuja kukuchumbia na kiatu kimoja kimepasuka. Mimi mjukuu wako hadithi hiyo hukunisimulia. Nilimwonea wivu mnyama wa kilo moja, wallahi.

Na kila asubuhi, mahamri. Ulikuwa ukiamka kuukanda unga kwa tui na iliki, na Waziri akisikia mafuta yanalia karaini anasimama kwa miguu miwili kwenye kreti lake na kupiga kelele kama filimbi. Nilikwambia mapema kwamba vyakula vya ngano na sukari si vyake, hiyo nusu ya karatasi niliyoisoma ilisema hivyo. Ukanijibu bila kugeuka.

"Ananitazama. Mimi sikulelewa kula mbele ya mtu bila kumkaribisha."

"Huyu si mtu, bibi."

"Ana tumbo?"

"Analo."

"Ana macho?"

"Anayo."

"Basi karibu, Waziri." Ukamkatia kipande kidogo kama ukucha, ukampa kwa mkono wa kulia.

Ningebisha nini? Kwetu mtu akikukuta unakula, hata kama ni adui yako, hata kama sahani ina tonge moja, lazima neno karibu litoke. Wewe umeliishi neno hilo miaka yote. Nimekuona ukimkaribisha mtu wa kusoma mita. Nimekuona ukiukaribisha ugomvi wenyewe, yule mama aliyekuja kukufokea kwa sababu ya kuku akaondoka ameshiba.

Halafu Waziri akaugua mara ya kwanza. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, anasaga meno. Nyasi zake hajazigusa. Nilimshika tumbo nikalikuta gumu, limekaza kama ngoma iliyowambwa juani. Tangu asubuhi hakuwa ametoa choo, hata punje moja. Mimi mjanja wa mji niliyekuwa najua kila kitu nilisimama mlangoni nikisema, "Bibi, bibi, bibi," kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ulikaa mkekani, ukamlaza mapajani, ukapasha mafuta ya nazi kidogo mkononi, ukaanza kumsugua tumbo kwa vidole viwili, taratibu, kwa mzunguko, kama wanavyosuguliwa watoto wachanga wenye msokoto. Ukamsomea dua. Ukamsugua tena. Jua likatoka mlangoni likahamia ukutani, nawe hukuinuka hata kunyoosha goti, lile goti lako bovu. Na alipotoa choo alikitoa hapo hapo, juu ya leso yako mpya.

"Alhamdulillahi," ukasema. Kisha ukaitazama leso. "Waziri wewe! Huna adabu hata ya kungoja kikao kiishe?"

Tulicheka mpaka Mama Rukia akaja kuuliza kuna nini. Siku ile nilikupenda, bibi, kwa namna ambayo kijana wa rika langu hasemi. Nasema sasa kwa sababu nimekwisha kujivua nguo mbele ya mtaa mzima, hii moja haitaongeza kitu.

Lakini ugonjwa ukarudi. Mara ya pili ulimsugua tena, akapona. Mvua za masika zilipoanza ukarudi tena, tumbo lilelile, kujikunja kulekule. Nami kichwani mwangu nilikuwa nimeshamkamata mwizi. Nilikuwa nimeona chembe za mahamri ndani ya kreti. Nilikuwa nimekukataza mara ya kwanza, mara ya pili, na bado kila asubuhi ulikuwa ukisema karibu.

Siku ile sitaki kuieleza ila lazima. Shoga zako walikuwa barazani, wanne au watano, sinia la mahamri na bakuli la mbaazi katikati. Nikatoka na Waziri mkononi, amelegea. Nikasema kwa sauti ambayo hata wapita njia walisimama.

"Mtazame! Mtazame ulivyomfanya! Unamuua kwa ukarimu wako! Kazi yako kutoa tu ili watu wakusifu!"

Mama Rukia akasema, "We kijana, huyo ni bibi yako!"

Nami, badala ya kumeza ulimi, nikaongeza, "Bibi yangu ndiyo, na ni muuaji."

Neno lile lilitoka mdomoni mwangu. Nimejaribu kulisingizia hasira, nikalisingizia uchovu, nikalisingizia jua. Lilitoka mdomoni mwangu.

Wewe ulimaliza kikombe chako. Uliwaambia wageni wako, "Endeleeni, mbaazi zisipoe." Kesho yake ulifunga nguo zako kwenye kitambaa, ukasema unakwenda Funzi kumtazama shangazi, ukapanda boti pale Bodo. Shangazi hakuwa mgonjwa. Mtaa mzima ulijua hakuwa mgonjwa.

Na mimi je? Waziri alifunguka mwenyewe usiku uleule wa ugomvi, nami nikatembea kifua mbele. Nilisema moyoni, sasa nyumba haina mahamri, mtaona Waziri atakavyonawiri. Nikaongeza nyasi. Na hapa, bibi, ndipo nataka kila anayesoma asogee karibu, Saumu usiharakishe.

Zile nyasi nilizokuwa nikimlisha zilikuwa fahari yangu. Hujapata kuona nyasi kama za ile bustani ya Diani. Zinanyweshewa maji asubuhi na jioni wakati sisi mtaani tunayafuata kwa ndoo. Nilikuwa nikizikata kwa mashine, nikizishindilia kwenye gunia la nailoni mpaka nalikanyaga kwa mguu, nikalifunga kwa kamba, nikalipakia kwenye bodaboda mpaka Msambweni juani. Nikifika nalisimamisha nyuma ya jiko, na Waziri analila siku tatu, nne, mpaka nikate tena. Nilikuwa nikiwaambia watu, "Waziri wangu anakula nyasi za watalii." Na masika yalipokuja nyasi zikakua mbio, nikawa nakata mara mbili kwa wiki, magunia mawili. Nikajiona mlezi wa kupigiwa mfano.

Wiki moja na siku chache baada ya wewe kuondoka, Waziri alijaa tumbo kuliko wakati wowote. Nilimtazama nikapigwa na butwaa. Mahamri yako yapo Funzi, tumbo limejaa Msambweni. Nilijaribu kumsugua kama wewe. Mkono wangu haujui. Nilikuwa namsugua kama anayefua jinzi, akalia, nikaacha.

Nikamfunga kwenye kikapu, nikabeba na gunia la nyasi ili mgonjwa asikose chakula chake kizuri safarini, nikaenda mpaka Matuga kwa daktari wa mifugo. Foleni ilikuwa ya watu wazima wenye mali: ng'ombe mmoja, kondoo, mbuzi wengi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyetoka bara ya Kinango, ameshika mbuzi kwa kamba fupi. Akachungulia kikapuni.

"Mwanangu, umemletea daktari panya?"

"Mama, shikamoo. Huyu si panya. Huyu ni Waziri."

"Marahaba. Waziri wa nini?"

"Wa nyasi. Anakula nyasi za Diani, za nyumba za wageni. Hizi hapa." Nikalifungua gunia ili aone, maana kujisifu kwangu hakupumziki hata mgonjwa akiwa anakata roho.

Mbuzi wake akanyoosha shingo. Yule mama akampiga kofi la pua na kumvuta nyuma kwa nguvu. "Usile uchafu wewe!"

Bibi, nilikasirika. "Uchafu? Mama, nyasi hizi zimenyweshewa maji ya mfereji!"

"Tia mkono."

"Nini?"

"Tia mkono ndani kabisa. Usinitazame, tia."

Nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Katikati ya gunia kulikuwa na moto. Si uvuguvugu, moto, kama mkono ulioingia kwenye sufuria ya uji. Nikautoa una unyevunyevu, nikaunusa, na harufu iliyonijia ilikuwa ya tembo la mnazi lililolala siku mbili.

"Hizo zimechacha," yule mama akasema, bila ubaya, kama anayekwambia kifungo chako kimefunguka. "Mimi mbuzi wangu nikimpa hizo, jioni namkuta amelala miguu juu. Kwetu mtoto wa miaka sita anajua."

Mimi nina miaka kumi na tisa.

Daktari ni dada mmoja mpole wa sauti, mkali wa macho. Alimpima Waziri, akamgongagonga tumbo kwa kidole, akasikiliza. Nikamweleza yote. Akaniambia mnyama huyu tumbo lake ni kama chungu ambacho hakitakiwi kuepuliwa jikoni, lazima kila saa kuwe na kitu kinachopita. Hawezi kucheua kama mbuzi, hawezi kutapika. Chakula kilichochacha nje kinaendelea kuchacha ndani, na hewa yake haina pa kutokea. Akiacha kula, kila kitu kinasimama, na kikisimama siku nzima, anakwenda.

Nikamuuliza swali nililokuja nalo. "Na mahamri je, daktari? Kipande kama ukucha, kila asubuhi?"

"Si chakula chake, asipewe," akasema. "Lakini kipande kama ukucha hakimfanyi hivi. Kilichomfanya hivi ni hilo gunia lako. Nani alikuwa anampa mahamri?"

"Bibi yangu."

"Na nani alikuwa anamsugua akaishi mara mbili zile za kwanza?"

Nilimwangalia yule mbuzi wa nje ya dirisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, bibi. Ndugu zangu wa grupu mmesikia? Mwizi niliyekuwa namtafuta alikuwa analala kitandani mwangu, anavaa shati langu. Wewe ulikuwa ukimpa chembe, mimi nilikuwa nikimpa gunia. Kisha nikakuita neno lile.

Nilipewa dawa mbili za maji na bomba la sindano lisilo na sindano. Daktari akasema akubali kula au akatae, siku tatu za kwanza alishwe kila baada ya saa mbili kwa bomba hilo, nyasi kavu zilizosagwa zikachanganywa na maji. Akanitazama juu mpaka chini. "Utaweza?"

Kwa kawaida swali hilo nalijibu kabla halijaisha. Safari hii nilifikiria shule, nilifikiria ile gereji ya Ukunda niliyokaa mpaka nikajua kufungua injini nikaondoka kabla ya kufundishwa kuifunga, nilifikiria kozi ya upishi iliyokwisha kwangu kwenye somo la vitunguu. Kisha nikasema, "Nitaweza," kwa sauti ndogo. Naapa ilikuwa mara ya kwanza kusema neno hilo bila kelele.

Nikaomba ruhusa kazini. Na sasa, bibi, kabla hujasikia kwa Mama Rukia, nikuambie mwenyewe nilichofanya na vyombo vyako. Nyasi kavu sikuwa nazo, kwa hiyo nilikwenda ukingoni mwa shamba nikakata kwa mundu, si kwa mashine, nikazianika juani na kuzigeuza. Nimezianika juu ya kitanda chako cha kamba. Nilikitoa uani kwa sababu hewa inapita juu na chini, hakuna kichanja kizuri kama hicho Kwale nzima. Nimezitwanga kwenye kinu chako. Nimezichuja kwa kifumbu chako cha tui, nacho kimekufa, usikitafute. Kinu nimekiosha mara nne na bado kinanuka malisho.

Siku ya kwanza Waziri alinitemea kila kitu usoni. Nilikuwa nafanana na mtu aliyepaka rangi ya kijani akaenda kwenye mpira. Siku ya pili alimeza kidogo. Nilikuwa nimeketi mkekani mahali pako, nimemlaza mapajani, na nikajaribu tena kumsugua. Safari hii nilifunga macho nikajaribu kukumbuka vidole vyako vilivyokwenda. Viwili. Taratibu. Kwa mzunguko. Nikamsomea zile sura fupi nilizobaki nazo kutoka chuo cha Kurani, nikakosea moja, nikarudia. Alasiri akatoa punje moja ya choo, ndogo kama mbegu ya papai. Bibi, nimewahi kushinda fainali ya mtaa kwa penalti ya mwisho, watu wakanibeba mabegani. Punje ile ilinifurahisha zaidi.

Sasa ni wiki ya tatu. Anakula mwenyewe. Kila asubuhi nasafisha kreti na kuangalia choo chake, ukubwa, unyevu, umbo, kama mtu anayekagua karafuu. Asubuhi hii kilikuwa kizuri. Juzi hakikuwa kizuri, akakataa chakula mpaka adhuhuri, nikamrudia kwa bomba na mkono, akafunguka. Daktari hakunificha: tumbo lililoumizwa mara nyingi hivi linakuwa jepesi kuumia tena, pengine litamrudia maisha yake yote. Vizuri. Lirudi. Litanikuta hapa. Likija mara kumi nitakuwepo mara kumi. Nyasi za mashine haziingii tena nyumbani kwetu hata kama zimenyweshewa maziwa. Gunia nimelikata nikafanya kitambaa cha kufutia miguu.

Na kuhusu ule mkono wako wa kusema karibu, nimefikiria sana. Sitaki uje ukae na chai yako huku umegeuza uso ukutani kwa kumwonea haya mnyama. Hilo si la kukufanyia wewe. Nimetundika kikapu kidogo karibu na jiko, ndani yake nimeweka vitita vya nyasi kavu vilivyofungwa kwa uzi, na siku nyingine kipande cha pilipili hoho, ambacho daktari alikisifu sana. Wewe utachukua kitita, utasema karibu, utampa kwa mkono wa kulia. Atapiga filimbi ileile, nimemjaribu. Mahamri yabaki kwangu mimi. Tangu uondoke sijala hata moja lenye ladha; haya ya kununua yana iliki ya kupitia tu.

Nyumba imekuwa kubwa, bibi. Nikirudi kutoka Diani hakuna wa kuniambia mume wangu umechelewa, umemwona nani huko pwani ya wazungu. Nikimaliza kumlisha Waziri naketi, naye anaketi, tunatazamana kama watu wawili waliokosa mada. Nilijaribu kumsimulia habari za babu na kiatu kilichopasuka. Nilifika katikati nikagundua sijui mwisho wake. Alikubali au alikukimbia? Ulimcheka au ulimsitiri? Wewe peke yako ndiye unayeujua mwisho huo, na Waziri, na Waziri hasemi.

Ijumaa hii baada ya swala nakuja Funzi. Wote mnajua boti na mimi hatupatani, mwaka jana nilitapika bahari ikiwa imetulia kama sinia la maji, mbele ya wasichana wawili. Nitakuja hivyo hivyo. Ukinifungia mlango nitakaa kizingitini. Ukimtuma shangazi aniambie umelala, nitamwambia nangoja uamke. Ukikataa kurudi Ijumaa hii, nitarudi mimi Msambweni kumlisha Waziri, na Ijumaa ijayo nitatapika tena njiani kuja kwako, na ile inayofuata. Sikusihi kwa maneno tu. Nimeshajifunza kufanya jambo kila baada ya saa mbili bila kuchoka. Kila baada ya siku saba ni mapumziko.

Na ukikubali kurudi, sikutaki urudi kimyakimya kama mtu aliyekosa. Nitawaita walewale waliosikia, Mama Rukia na wenzake wote, nitawapangia mkeka mimi mwenyewe barazani, nitachemsha chai mimi. Wewe utaketi katikati na utanisema. Usipunguze. Sema yote uliyonyamaza siku ile ulipomaliza kikombe chako, nami nitasimama mbele yako, mikono nyuma, mdomo umefungwa, mpaka wewe mwenyewe uniambie inatosha. Mtaa huu haujawahi kuniona nimenyamaza. Njoo uwe wa kwanza kuwaonyesha.

Nibusie mikono ya shangazi. Saumu, umesoma vizuri, sasa mpe bibi simu aitazame picha ya mwisho: ni Waziri, tumbo laini, ananusa kamera.

Mumeo mdogo, mkosaji,
mjukuu wako wa Msambweni